Kabla Sajini Hajasema "Anza"

Mpenzi wangu Baba Ciru,

Sikuulizi habari za huko uliko. Hata ulipokuwa hai, ukiulizwa habari ulijibu "salama" na mdomo ukaufunga, sembuse sasa. Nitakupa za huku. Nakuru kumenyesha wiki nzima, bati la jikoni linavuja pale pale ulipoahidi kuliziba, na Ciru yuko nyumbani kwa likizo ya chuo. Jana alikuwa akipanga upya kabati la sebuleni akatoa ile picha yenu ya kambini, wewe na makuruti wa mwaka 2007, nyote mmekaza shingo kana kwamba mpiga picha ni jenerali.

"Mum, si hawa ndio walifanya ile mtihani ya kompyuta?" akaniuliza.

Nikamwambia ndio hao. Akasema alikuwa mdogo, anakumbuka vipande vipande tu, nimsimulie. Nikamsimulia mpaka chai ikapoa. Halafu nikaona si haki yeye asikie na wewe mwenye kisa usisikie, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka siku uliyokuja na habari ile? Nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Mzee Harbans, pale mjini juu ya duka lake la vitambaa. Ulivua buti mlangoni, ukazipanga sawasawa kama desturi yako, ukasema bila kunitazama, "Kuna kazi kambini. Wanataka mtu wa kompyuta." Nikadhani ni kuchapa barua. Kumbe kambi yenu, ambayo siitaji jina kwa sababu ungenikemea, ilikuwa imepokea mtihani kutoka ng'ambo. Kuruti anakaa mbele ya skrini, anaulizwa maumbo, hesabu, mambo ya kusikia na kukumbuka, anapimwa wepesi wa jicho na kidole. Mwisho mashine inasema huyu anafaa kuwa fundi wa magari, huyu wa redio, huyu karani. Lakini kabla ya kuutegemea, mtihani wenyewe ulitakiwa upimwe. Makuruti waufanye, alama zifungiwe, kisha baada ya miezi ya mafunzo tuzilinganishe na alama mtakazowapa ninyi wakufunzi. Kama walioongoza kwenye skrini ndio wanaoongoza kazini, basi unasema kweli. Kama sivyo, urudi ulikotoka.

Ulicheka sana. "Yaani mtihani nayo inafanyiwa mtihani?"

Mimi sikucheka. Mimi ni mtoto wa Mau Narok, nimelelewa na viazi. Nilimwona mama yangu akijaza magunia ambayo madalali waliyashonea kilemba juu, yale ya lumbesi, mpaka gunia moja likabeba karibu mawili, na bado likaitwa gunia moja. Tangu nikiwa msichana nilijua kwamba kabla ya kupima viazi, upime gunia kwanza. Tena kulikuwa na jambo tulilolijua wote wawili bila kulisema. Kila msimu wa kuandikisha askari, wazazi mtaani kwetu walikuwa wakinong'ona nani anamjua nani. Mashine haikujua baba wa mtu ni nani wala kwao ni wapi. Nilitaka ifanye kazi, Baba Ciru. Niliitaka kwa moyo wangu wote.

Hapa inabidi nitaje ile tabia yako, maana bila hiyo kisa hakina kichwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyeinua kijiko kabla hujasema, "Haya, anza." Uliitoa kambini ukaileta mezani, na sisi tukaizoea. Wageni walishangaa. Siku ile tulipompeleka kaka yangu Kikopey kula nyama, ubao ukaletwa na mbavu zinatoa moshi, naye akanyakua kipande bila kungoja. Ulimtazama tu, mpaka akakirudisha kile kipande juu ya ubao, mtu mzima mwenye watoto wake. Kisha ukasema "Haya, anza," ukawa wa kwanza kucheka. Kaka hajasahau mpaka leo. Husema alimwoza dada yake kwa jeshi, si kwa mtu.

Basi tulipanga kuwapima makuruti siku ya kuingia kambini, lakini kompyuta zilichelewa. Zilipofika, vijana walikuwa wameshakaa kwenu wiki nyingi, wameshajua kupiga saluti hata usingizini. Hatukuona shida. Tukaziweka kwenye ukumbi, nikazifunika kwa mashuka aliyotupa mke wa Mzee Harbans, kwa ajili ya lile vumbi jeupe la machimbo ya upande wa Kariandusi linaloingia kila mahali. Makuruti wakaingia kwa mstari, wakaketi, migongo wima. Wewe ukasimama mbele, fimbo kwapani. Nilikuona mzuri siku hiyo, ingawa sikukwambia, maana ungevimba kichwa.

Ekai alikuwa kiti cha karibu na dirisha. Alitoka mbali, upande wa Lodwar, na hakuwa ameshika kompyuta maishani. Aliishika mausi kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kifaranga. Ulimpenda kijana yule na hukujua kuficha. Uliniambia kwamba mkipitisha ujumbe kwa mdomo porini, kutoka mtu hadi mtu, ulifika mwisho ukiwa umegeuka jina na maana, isipokuwa siku Ekai alipokuwa katikati. Akisikia mara moja, basi amesikia. "Huyo ni wa redio," ulisema, "hata kama ni usiku na mvua inanyesha." Na Ekai mwenyewe hakutaka kitu kingine. Aliniambia siku moja nikikusanya nyaya, "Madam, nikipata redio, hata mama yangu nitamjengea." Nafasi za kozi ya redio zilikuwa chache, na zikishajazwa zimejazwa.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ya wepesi. Duara la manjano linatokea kwenye skrini, nawe unabonyeza kitufe mara unapoliona. Linatoweka, linatokea tena. Mashine inahesabu ulichelewa kiasi gani. Siku hiyo vitufe vililia kimoja kimoja kwa kusitasita, nikadhani ni ugeni wa kompyuta. Ilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote, na ndiyo iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote kwenye hesabu ya mwisho.

Mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni tukafungua alama na kuzilinganisha. Nilidhani nimekosea safu. Nikarudia. Waliokuwa kichwa kwenye gwaride lako walikuwa mkia kwenye skrini, na wale uliokuwa ukiwapigia kelele kila asubuhi kwa uzembe walikuwa juu. Si kwamba mtihani haukujua kitu, la. Ulionekana unajua kila kitu kinyume. Ekai alikuwa mkia wa mkia. Mashine ilimpendekeza kwa kazi ya stoo.

Meja aliyesimamia jambo hilo alikuwa mtu mpole, wa miwani, na haraka zake alizificha kwa adabu. "Madam," akaniambia, "hii kitu imenunuliwa, imefika, inafanya kazi. Wewe tuandikie tu iko sawa, tupange vijana."

"Meja, majibu yamepinduka. Siwezi kuandika iko sawa."

"Labda ni wakufunzi ndio wamepinduka," akasema, akatabasamu.

Alitupa muda hadi mwezi wa pili. Baada ya hapo orodha ya kazi ingepelekwa Nairobi kama mashine ilivyosema, na Ekai angeenda kuhesabu blanketi.

Jioni ile tuligombana, na hatukuwa watu wa kugombana. Unakumbuka? Uliuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya, "Hiyo mashine yako inasema Ekai ni mzito?"

"Inasema ni mzito kuitikia. Labda ana masikio tu, Baba Ciru."

"Mimi nimemwona."

"Na mimi nimeona alama."

Ukasema "Haya, anza" ukiangalia ukuta, na tukala wali wetu. Ciru alitutazama mmoja mmoja kama anatazama mpira. Nilikuwa na hasira na wewe, lakini zaidi niliogopa. Niliogopa kwamba upo upande wa haki na mimi siwezi kuonyesha kwa nini. "Mimi nimemwona" ndivyo wanavyosema hata wale wanaopitisha watoto wa marafiki zao.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ule moshi wa nyumba zilizochomwa. Sitausimulia, uliuona kuliko mimi. Ninyi mlizuiliwa kambini, na sisi tukajifungia. Mzee Harbans aliogopa chuo kuvunjwa, akagawa kompyuta zake kwa walimu, moja hapa moja pale, na moja ikaja kwetu ndani ya shuka la maua. Ciru hakuweza kutoka kucheza. Nilipoishiwa na hadithi nikamwekea, kwa nakala ya mtihani niliyokuwa nikiichunguza, ile sehemu ya duara la manjano, nikamwambia ni mchezo. Mtoto wa miaka sita, Baba Ciru, alidonoa kile kitufe kama kuku anayedonoa mahindi. Alinishinda mama yake mara nyingi mpaka nikaacha kushindana. Nje kulikuwa na kelele za mbali, na ndani tukawa tunasikia ta, ta, ta. Mchezo huo ndio ulionivusha siku zile, nakwambia bila haya.

Ukapata ruhusa ukaja, mchana, umekonda, uniforomu inanuka vumbi na moshi. Ciru alikurukia shingoni. Hakukupa nafasi hata ya kunywa maji, akakuvuta mpaka kwenye kompyuta, "Dadi kuja uone vile nacheza!" Ukakaa kwenye kiti nyuma yake, mikono magotini. Nikawasha. Duara likatokea.

Ciru hakubonyeza.

Alikuwa ameinua kidole juu ya kitufe, shingo ameigeuza, anakutazama wewe. Duara likatoweka. Likatokea tena. Bado anakutazama.

"Bonyeza basi, Ciru," nikamwambia. "Si ulikuwa unanishinda?"

"Dadi hajasema anza."

Wewe ulielewa kabla yangu, hilo nakupa. Niliona uso wako ukibadilika. Hukucheka. Ulimpapasa kichwa mtoto, ukainuka, ukatoka hadi kwenye baraza, ukasimama hapo ukitazama lango. Nikakufuata.

"Ni mimi," ukasema.

"Si wewe. Ni sisi tuliochelewesha kompyuta. Wangefanya siku ya kwanza, kabla hujawafundisha..."

"Nimewafundisha mtu asisogeze hata kidole bila amri. Wakakaa pale, duara inawaka, wananingoja mimi. Na mimi nasimama tu kama mlingoti. Wale wabaya ndio hawakuningoja."

"Basi wamefaulu mtihani wako wakaanguka wangu," nikasema.

Hapo ndipo ulipocheka, kidogo tu, na nikajua tumepatana. Lakini nilijua pia kile ulichotakiwa kufanya baadaye. Ilibidi uende kwa Meja, wewe sajini wa miaka mingi, umwambie kwamba mtihani uliharibika kwa sababu wewe ulikuwa umesimama ndani ya chumba. Kwamba mahali pamoja duniani ulikuwa huhitajiki. Hukuniambia jinsi ulivyosema. Ulirudi ukaniambia tu, "Amekubali turudie. Mara moja tu."

Siku ya kurudia niliogopa kuliko makuruti. Uliingia nao, ukawaambia, "Leo hapa ndani hakuna amri. Ukiona hiyo duara, bonyeza. Usingoje mtu."

"Ndio, afande!" Madirisha yakatikisika.

Nikawasha zoezi la kujaribia. Maduara yakatokea kwenye skrini zote, na ukumbi ukawa kimya kabisa. Macho yote yalikuwa kwako. Ukawaambia tena, kwa ukali. Wakaitikia tena, kwa nguvu zaidi, na wakaendelea kukutazama. Ukawapa mgongo, wakatazama mabega yako. Mtu akakohoa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, kwa sababu nilimwona Ekai pale dirishani, kidole hewani, jasho kwenye paji, akijitahidi kwa nguvu zake zote kukutii na hajui amri ipi ni amri.

Ukavaa kofia.

"Mimi natoka nje," ukasema. "Msinisubiri."

Ukatoka, ukafunga mlango nyuma yako. Nikahesabu pumzi zangu. Kitufe cha kwanza kikasikika, sikujua ni cha nani, halafu kingine, halafu ukumbi mzima kama mvua inapoanza juu ya bati. Kupitia dirisha niliona kofia yako imesimama juani, haisogei. Ulikuwa umewageuzia kisogo ili wasikuone uso. Nimekupenda siku nyingi, Baba Ciru, lakini ile ndiyo ninayoishika kila nikikukumbuka.

Alama zikajipanga upya. Sikuandika kwamba mashine ni malaika, maana haikuwa. Yule kijana wako wa mbio, uliyeapa ni fundi wa kuzaliwa, alibaki chini vilevile, na yule uliyemwita mzigo kila asubuhi aliona maumbo kuliko wote, akapelekwa karakana na akaipenda. Ulinuna siku kadhaa. Ekai kwa vidole alikuwa wa katikati tu, lakini kwa kusikia na kukumbuka hakuna aliyemkaribia, na jina lake likaenda kwenye kozi ya redio. Niliandika kwamba mtihani unasaidia kumpangia mtu kazi, haufai kumfukuza mtu, ufanywe langoni kabla ya gwaride la kwanza, na mkufunzi asiwemo ndani. Meja akasoma akasema, "Sawa, Madam." Karatasi zikaenda Nairobi. Sikusikia tena habari zake.

Ukatupeleka Kikopey kusherehekea. Ubao ulipofika ukamtazama Ciru ukasema, "Leo sema wewe." Akasema "Anza!" kwa sauti iliyogeuza shingo za madereva wote wa malori.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Miaka ikapita, ukaumwa. Ile jioni ya mwisho hospitalini tulikuja na chakula kwenye flaski, mimi na Ciru, ukatazama kijiko ukatikisa kichwa.

"Mmekula?" ukauliza.

"Bado. Tunakusubiri."

Macho yako yakatutembelea mmoja baada ya mwingine. "Nendeni mkule," ukasema. "Msinisubiri."

Nilidhani unazungumzia chakula cha jioni. Mpaka nafika kwenye ngazi nilidhani hivyo. Simu ya hospitali ilitukuta kabla hatujafika nyumbani.

Siku ya kukuzika Ekai alikuja. Alikuwa na cheo, na sauti yake imekuwa nzito kwa kuongea na watu walio mbali. Alikuja na wenzake kadhaa wa ile picha. Watu wengi walikula nje kwenye hema, lakini hao niliwaingiza ndani, kwenye meza yetu, pamoja na mimi na Ciru na kaka yangu. Sahani zikajazwa. Nje tulisikia vijiko na mazungumzo. Ndani hakuna aliyegusa kitu. Ekai alikuwa ameweka mikono magotini. Wenzake vilevile. Hata kaka yangu, yule wa Kikopey, alikuwa ameshika kijiko bila kukiinua. Hakuna aliyekuwa amepanga. Wote walitazama kiti chako, na mchuzi ukaanza kuganda juu.

Nikakumbuka ukumbi ule na yale maduara ya manjano. Ila safari hii ulikuwa umeshatoka na mlango umeshafungwa, na sisi bado tumeinua vidole.

"Haya," nikasema. Nikashika kijiko changu. "Haya. Anza."

Ekai akanigeukia mimi, akakaza mgongo.

"Ndio, afande," akasema polepole, na akainua kijiko.

Tangu siku hiyo nasema mimi. Kuna jioni sauti haitoki, na Ciru ananisubiri bila kunihimiza, ana subira uliyomwachia. Leo kapika yeye, chakula ki mezani, naona anachungulia huku kama nimemaliza kuandika. Basi niache hapa. Pumzika vizuri, na ukiona wengine huko wamekunyakulia kipande, watazame tu.

Tunaanza kula kwa wakati, kama ulivyosema. Lakini kukusubiri, Baba Ciru, hatujaacha. Hiyo ndiyo amri yako ya pekee niliyoikataa.

Ni mimi wako,
Mama Ciru